Gari la baba lilibeba chumvi ya Uvinza miaka mingi: tulifufue au tuagize jingine?

BARUA

Habari za kazi,

Ninaandika kutoka Kasulu. Baba yetu ametuachia Toyota Hilux LN106, dabo kebini, injini ya 3L ya dizeli, gari la mwaka 1996. Enzi zake alilifanyia biashara. Alikuwa akipakia chumvi Uvinza na kuishusha huku Kasulu na Kibondo. Alifariki mwaka juzi, na tangu hapo gari tunalitumia sisi: mimi, mume wangu, mama na watoto wanne. Tukisafiri wote, watoto wawili wakubwa hukaa nyuma kwenye bodi kwa sababu ndani tunajaa.

Kwa mwezi linatembea kama kilomita 900. Kuna safari ya kumpeleka mama kliniki hospitali ya Maweni, Kigoma, kuna shamba wakati wa kulima na kuvuna, na mizunguko ya hapa mjini. Lita moja ya dizeli inatupa kilomita 9.

Shida yake ni maji na joto. Tukishuka Kigoma halisumbui. Tukirudi, kwenye milima, mshale wa joto unapanda mpaka unakaribia alama nyekundu. Kila safari tunaongeza kama lita moja na nusu ya maji kwenye rejeta, na chini hatuoni tone. Asubuhi linachelewa kuwaka, linatoa moshi mweupe, halafu linatulia. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, ile vali inayoongoza maji ya kupoza injini, akasema huku hakuna baridi, haina kazi. Hali ikabaki ileile. Fundi wa pili anasema injini imekwisha. Anataka 3,800,000 aifungue yote, aweke pistoni, ringi na bearing mpya.

Mdogo wangu aliyeko Dar anatukataza kuingiza pesa kwenye gari la zamani. Kigoma kuna mtu ametoa 10,500,000 lilivyo hivyo hivyo. Mdogo wangu anataka tuagize Nissan X-Trail ya mwaka 2010, petroli, lita 2.0, na amepigiwa hesabu ya 21,000,000 hadi litoke bandarini. Akiba yetu ni 6,000,000, kwa hiyo zilizobaki tukope SACCOS. Mama hataki kusikia habari ya kuuza gari la mumewe. Kadi bado ina jina la baba. Mnatushauri nini?

Dada wa Kasulu

JIBU

Dada yetu, poleni kwa msiba, na mama mfikishie shikamoo zetu.

Umetueleza kwa kirefu habari za injini, lakini tumesimama kwenye sentensi moja uliyoipita haraka: ile ya chumvi ya Uvinza. Injini ya 3L hufunguliwa, hutengenezwa, hata huletwa nyingine nzima, na gari likaendelea kuwa lilelile. Chasisi, ile fremu ya chuma iliyo chini ya gari, haina mbadala wa namna hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye kadi imegongwa kwenye chasisi, na kila kitu kingine kimefungwa juu yake. Kwa gari lililobeba chumvi, chasisi ndiyo itakayowaambia kama mtengeneze au muuze. Fundi wa injini asipewe hata shilingi kabla chasisi haijakaguliwa.

Chumvi huvuta unyevu hewani. Mfuko ukilowa au ukitoboka, maji ya chumvi hupenya kwenye matundu ya bolti za bodi, yakashukia chasisi na kuingia ndani ya mihimili yake, ambayo ni mirefu na mitupu katikati. Huko hayapati hewa ya kukauka. Kutu huanzia ndani na kula kuelekea nje, kwa hiyo mnaweza kuona rangi nzima kabisa kwa nje huku chuma kimebaki chembamba kama bati.

Ukaguzi uanze kwa kuosha uvungu kwa maji mengi na kuacha gari likauke siku nzima, maana tope hufunika ufa. Kisha lipandishwe juu ya shimo la gereji. Fundi achukue nyundo ndogo na bisibisi imara, agonge muhimili mmoja kutoka mbele hadi nyuma, kila baada ya upana wa kiganja, kisha aende wa pili. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa na kudondosha magamba, na bisibisi ikisukumwa kwa nguvu huzama. Msikubali tathmini ya kutazama kwa tochi peke yake.

Wekeni nguvu zaidi kwenye vishikio vya springi za nyuma, pande zote mbili. Hapo hubeba uzito na hapo chumvi hujikusanya. Halafu sehemu chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, muhimili wa kukingama ulio karibu na tairi la akiba, kuzunguka tangi la dizeli, na vishikio vya kabini nyuma ya milango. Nyuma ya kabini, pale kabini inapoachana na bodi, tafuteni ufa badala ya kutu: Hilux iliyokuwa ikipakizwa kupita kiasi hukunjika au kupasuka hapo. Tunashauri kwa dhati mnyanyue bodi ya nyuma. Imeshikwa na bolti chache tu, na wanaume sita huiondoa. Zikigoma kwa kutu, fundi azikate na kuweka mpya. Ni kazi ya nusu siku, na itawaonyesha sehemu ya juu ya chasisi ambayo kutokea shimoni haionekani.

Mkiwa hapo, pimeni kwa futi ya kamba kutoka tundu la bolti upande wa kushoto mbele hadi tundu linalolingana nalo upande wa kulia nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita hivi, chasisi imepinda, na gari hilo litaendelea kula matairi hata mbadilishe nini.

Mkikuta kutu ya juu juu tu, ni ya kusugua kwa brashi ya waya, kuosha chumvi, kukausha na kupaka rangi ya kuzuia kutu, pamoja na kumimina oili nzito ndani ya mihimili kupitia matundu yake. Tundu moja dogo mbali na springi linaweza kuchomelewa kiraka, ilimradi kiraka kikatwe kwa umbo la almasi na kisiwe mraba. Mstari wa kuchomelea unaokata muhimili wima, moja kwa moja kutoka juu hadi chini, huwa ndio mahali chasisi inapokuja kukatikia. Na vichwa vyote viwili vya betri vitolewe kabla ya kuchomelea. Lakini kama vishikio vya springi vimeoza pande zote, au ule mpindo wa juu ya ekseli unatobolewa kwa bisibisi, acheni hapo hapo. Hata mchomeleaji hodari atachomelea chuma kipya kwenye chuma kilichooza, na kitaachia siku mmepakia. Mkifikia hapo, gari liuzwe kama spea: injini, gia boksi, difu, milango. Mnunuzi aambiwe ukweli, kwa sababu mtu akiuziwa chasisi mbovu kimya kimya kesho atapakia watu.

Tuseme chasisi ni nzima. Sasa injini.

Fundi wa pili ameihukumu injini yenu bila kuipima. Pistoni na ringi zikichakaa, dalili yake kubwa ni oili: inapungua, moshi unakuwa wa bluu, na kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa injini ikiwa inanguruma, hewa inapiga kwa nguvu kama bomba la baiskeli. Katika barua yako hakuna hata moja kati ya hayo. Unachoeleza ni maji yanayopotea bila tone chini na joto linalopanda mlimani. Ziwa Tanganyika huko Kigoma liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na Kasulu iko juu zaidi kwa mamia ya mita, kwa hiyo kurudi ndiko injini inakofanya kazi ya kweli. Tunashuku gasketi ya silinda hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu cha injini, imeungua, au silinda hedi yenyewe ina ufa. Ugonjwa wa kupasuka kati ya vali unajulikana sana kwenye injini hizi za L, hasa zikishapata joto mara kadhaa.

Hilo linapimika. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungueni kifuniko cha rejeta, jazeni maji, washeni. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni paipu ya juu ya rejeta kuwa ngumu dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Angalieni pia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, msiwashe tena.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Jazeni rejeta jioni injini ikiwa bado ya uvuguvugu na mfunge kifuniko. Asubuhi fundi achomoe hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, atoe waya wa kuzima dizeli kwenye pampu, watu wakae pembeni, kisha apige stata kidogo. Tundu litakalorusha matone ya maji ndilo la silinda inayoyanywa. Na hii ndiyo sababu asubuhi msilazimishe stata gari likigoma: maji hayabanwi, na silinda iliyojaa maji hupinda konrodi. Hapo ndipo ile 3,800,000 itakapokuwa deni la kweli.

Wakati hita plagi ziko nje, fundi azijaribu moja moja kwa betri. Mbili zikiwa zimekufa, gari litachelewa kuwaka na kutoa moshi mweupe hata kama hedi ni nzima, kwa hiyo moshi peke yake usiwatishe. Halafu apime mbano wa silinda kupitia matundu hayohayo, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifiki huko. 3L yenye afya hupita bar 30. Ikishuka chini ya 20, au silinda zikipishana zaidi ya bar 5, injini imechoka kweli, na hapo maneno ya fundi wa pili yatakuwa na uzito.

Thamostati irudishwe. Tunalikuta kosa hili kila mahali na linatuuma, maana linafanywa kwa nia njema. Thamostati nyingi za Toyota zina kisahani upande wa chini ambacho, maji yakipata moto, hufunga njia fupi ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia fupi inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kupoa, na mlimani joto linazidi. Aliyewatolea alikusudia kusaidia, lakini amewaongezea tatizo. Angalieni pia feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungusheni kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi kama pangaboi, mafuta ya klachi yake yamekwisha. Rejeta nayo ifunguliwe isafishwe. Maji ya mto na kisima bila kulanti huacha ugaga ndani.

Hedi ikishushwa, ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ikapimwe ufa kwa shinikizo la maji na unyoofu kwa rula ya chuma. Msikubali ikanyolewe kiholela ndipo ipimwe. Gasketi ya 3L hutoka kwa unene tofauti wenye alama B, D na F, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Fundi asiyejua herufi hizo atanunua yoyote iliyopo dukani, na baada ya miezi mitatu mtarudi palepale. Kwa kuwa mbele kutakuwa kumefunguliwa, wekeni taimingi belti mpya, tenshona yake na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Kawaida belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, nanyi hamjui marehemu aliibadilisha lini. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni.

Sasa kikomo. Kwa gari ambalo mnunuzi amelitolea 10,500,000, tusingeingiza zaidi ya 3,000,000 kwa mara moja, na ndani ya fedha hizo breki ziwemo: paipu za chuma zinazokwenda nyuma, silinda ndogo za magurudumu, na vali ya kugawa breki kulingana na mzigo iliyo karibu na ekseli, kwa sababu chumvi huzigandisha. Nusu ya akiba ibaki nyumbani. Mwambieni fundi aandike bei tatu: gasketi tu, hedi nyingine, na injini yote. Vipimo vikionyesha mnahitaji hiyo ya tatu pamoja na breki, kikomo kimepitwa, na kuuza kunakuwa na maana hata kama chasisi inafaa.

Turudi kwa mdogo wako. Ana haki ya kuhofia pesa kupotea, ila gari alilochagua haliwatatulii jambo. Hesabu vichwa: mko saba. X-Trail ya 2010 ina viti vitano, sawa na Hilux. Mtatumia 21,000,000 na watoto wawili bado hawatakuwa na pa kukaa.

Mafuta nayo hayatalipa mkopo. Kilomita 900 kwa 9 ni lita 100 kwa mwezi. X-Trail ikiwapa 10 kwa lita, ni lita 90. Mmeokoa lita kumi. Zidisheni kwa bei ya pampu ya Kasulu, ambayo siku zote iko juu ya ya Dar kwa sababu ya usafirishaji, mlinganishe na marejesho ya SACCOS ya mwezi mmoja.

Ile 21,000,000 mwulizeni ni ya tarehe ipi. TRA hukadiria kodi kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, hata kama mlinunua kwa bei ya chini, na shilingi ikitetereka hesabu hubadilika gari likiwa baharini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Gari la zaidi ya miaka 10 hubeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na la injini kati ya cc 1,001 na 2,000 huongezewa asilimia 5, kisha VAT asilimia 18. Kikokotoo kiko kwenye tovuti ya TRA. Ingizeni wenyewe aina, mwaka na injini. Ongezeni bima, dereva na mafuta ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kasulu.

Kuna na gia boksi. X-Trail hiyo ya 2.0 kutoka Japani kwa kawaida ina CVT, yenye mkanda wa chuma badala ya gia. Inataka mafuta yake maalumu, NS-2. Ikimiminiwa mafuta ya kawaida ya gia otomatiki, mkanda huanza kuteleza, na kuipata gia boksi nyingine nzima itabidi mwagize mbali. Kwa mizigo ya shambani haikuumbwa.

Chasisi ikiwaangusha, sisi tungetafuta Toyota Noah ya watu wanane ambayo tayari iko nchini, yenye kadi safi, kwa pesa mliyonayo bila mkopo. Barabara ya Kasulu hadi Kigoma ina lami, kwa hiyo kuwa kwake chini hakutawasumbua kwenda Maweni, na mama atapanda bila kuvutwa mkono. Zile za miaka ya 2001 hadi 2007 nyingi zina injini ya D4, inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo haivumilii petroli chafu. Ikijizima mkisimama kwenye taa nyekundu au ikitingishika, iacheni. Mazao kodieni toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) au pick-up siku za mavuno. Gari la kubeba gunia wakati wa msimu wa shamba tu halina haja ya kulala uani kwenu mwaka mzima.

Kuhusu kadi, lolote mtakaloamua litakwama bila mirathi. Chukueni cheti cha kifo, fanyeni kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, mkafungue shauri Mahakama ya Mwanzo ya mahali baba alipokuwa akiishi. Msimamizi akishateuliwa na kupewa Fomu Namba 4, ndiye mwenye mamlaka ya kuuza au kuhamisha jina TRA, naye awe na TIN. Mtu aliye tayari kutoa 10,500,000 kwa kadi ya marehemu bila kuuliza msimamizi ni nani, msipokee hata malipo ya awali kutoka kwake. Na bima mnayokata sasa kwa jina la baba inaweza kuwaletea mgogoro siku ya ajali, kwa hiyo hili lianze hata kama gari linabaki.

Mama aje gereji siku ya kunyanyua bodi, awekewe kiti, aoneshwe chuma kwa macho yake. Kama kimeoza, ni rahisi kwake kukubali akiwa amekiona kuliko akisimuliwa na wanawe. Kama kizima, mdogo wako apigiwe simu ya video aone naye.

Na wale watoto wawili wasikae tena kwenye bodi kuanzia leo. Breki ya ghafla moja kwenye mteremko wa Kigoma inatosha kuwatupa barabarani. Mkisafiri wote, wawili wapande basi pamoja na mtu mzima mmoja. Nauli hiyo iingizeni kwenye hesabu ya gari kama mnavyoingiza dizeli.

Mkishanyanyua bodi tutumieni picha nne: vishikio vya springi vya kushoto na kulia, mpindo wa juu ya ekseli, na nyuma ya kabini. Mtu aweke kidole pembeni ya kutu ili tuone ukubwa wake.